Mtoe Dume Zizini Kabla Kipupwe Hakijakolea: Kalenda ya Kupandisha Ng'ombe kwa Wafugaji wa Kilangali

Masika ndiyo hayo yanaisha, nyasi bado zipo, asubuhi tunaamka na jaketi, na ng'ombe wamenawiri. Mfugaji wa Kilangali akilitazama zizi lake mwezi huu wa 6 anaona mambo safi kabisa. Sasa somo la leo ni kuhusu hasara inayoingia zizini wakati huu huu mambo yanapoonekana safi.

Iko hivi. Mwezi wa 6, 7 na 8 ng'ombe jike wengi wameshiba, wanaingia kwenye joto, dume yuko nao mchana na usiku, wanapata mimba. Mfugaji anafurahi. Lakini mimba ya ng'ombe ni siku 283 hivi, yaani miezi 9 na wiki moja au zaidi kidogo. Mimba ya kipupwe huzaliwa kwenye tope la masika ya mwaka unaofuata, na mama anaanza kunyonyesha huku mbele yake kuna kiangazi. Hapo ndipo mwaka mzima unapoharibika, na mfugaji hajui ulianza kuharibikia wapi.

Kwa hiyo kipupwe ni msimu wa kuamua. Ukiamua vizuri sasa hivi, ndama wako watazaliwa nyasi zikiwa zinakuja. Ukiacha dume aamue, atakuamulia yeye.

Anza kuhesabu kutoka kwenye nyasi

Vijana wengi wananionyesha video za wafugaji wa Afrika Kusini au Marekani na kuniuliza, "Afisa, mbona wao wanapandisha mwezi fulani na sisi hatufanyi hivyo?" Jibu ni moja: kila mtu anahesabu kutoka kwenye nyasi zake. Marekani wengi wanataka ndama wazaliwe theluji inapokwisha. Afrika Kusini, kwenye maeneo yanayopata mvua za kiangazi chao, mvua zinaanza kama mwezi wa 10, kwa hiyo wanapandisha mwisho wa mwaka ili wazalishe kuanzia mwezi wa 8 au 9. Usiige miezi yao. Iga hesabu yao.

Sisi huku Kilosa mvua zetu tunazijua. Vuli huanza mwezi wa 11 au 12, na miaka mingine inasuasua. Masika ni mwezi wa 3 hadi wa 5. Kipupwe ni mwezi wa 6 hadi wa 8, kikavu na cha baridi. Baada ya hapo linakuja jua kali la mwezi wa 9 na 10, wakati ambapo nyasi za uwanda wa Mkata zimekauka au zimeungua moto, na ng'ombe anatembea mbali kutafuta maji.

Ng'ombe anayenyonyesha ndiye anayekula kuliko wote zizini. Maziwa yake yanapanda na kufika kileleni kati ya wiki ya 6 na ya 8 baada ya kuzaa. Kama anafika kileleni nyasi zikiwa mbichi, zinambeba yeye, ndama, na mimba inayofuata. Kama anafika kileleni nyasi zimekauka, anachoma mafuta yake mwenyewe, anakonda, na mwili ukikonda haushughuliki tena na uzazi. Anakaa bila joto hata miezi 6. Dume hana kosa hapo, na wala ng'ombe hajarogwa. Ni njaa tu.

Ng'ombe wawili wa zizi moja

Tuweke mfano wa ng'ombe wawili wenye umri mmoja na damu moja, wanaochungwa pamoja.

Ng'ombe wa kwanza amepandwa tarehe 20 Machi. Anazaa karibu na tarehe 28 Desemba. Tumbo la uzazi linahitaji siku 45 hadi 60 kurudi katika hali yake, kwa hiyo mwisho wa Februari yuko tayari. Amekula majani ya vuli, na masika yanaingia. Mwishoni mwa Machi anaonyesha joto, anapandwa, anashika. Anazaa tena mwanzoni mwa Januari. Kutoka uzao hadi uzao ni kama miezi 12.

Ng'ombe wa pili amepandwa tarehe 1 Agosti, katikati ya kipupwe. Anazaa karibu na tarehe 11 Mei. Siku 60 zikiisha ni katikati ya Julai. Kuanzia hapo nyasi zinapungua kila wiki na ndama ananyonya. Agosti hana joto, Septemba hana, Oktoba mbavu zinahesabika. Mvua za vuli zinampa majani, anaanza kurudisha mwili, na anaonyesha joto katikati ya Februari. Akishika tarehe 15 Februari, anazaa tarehe 25 Novemba. Kutoka Mei 11 ya mwaka mmoja hadi Novemba 25 ya mwaka unaofuata ni miezi 18 na nusu.

Sasa iweke kwenye pesa. Una ng'ombe jike 20. Wakizaa kila baada ya miezi 13, kwa miaka 3 unapata ndama 55. Wakizaa kila baada ya miezi 18, kwa miaka hiyo hiyo 3 unapata ndama 40. Hiyo ni kabla hujatoa vifo, na vifo vya ndama wa masika ni vingi zaidi. Ndama 15 zidisha kwa bei ya ndama aliyeachishwa kwenye mnada wako. Kama umekopa kununua ng'ombe, fahamu kwamba anayekudai hesabu yake ni ya kila mwezi, haisubiri ng'ombe wako akae miezi 18.

Kalenda ninayoshauri kwa wanaochunga

Hii ni kwa wenye zebu wa asili, Boran, Mpwapwa au machotara wa nyama wanaotegemea malisho:

- Februari 22: mitamba wanaopandishwa kwa mara ya kwanza wanaingia kwa dume, wiki 3 kabla ya mama zao. Mzazi wa mara ya kwanza huchelewa kurudi kwenye joto, kwa hiyo mpe muda wa mbele.
- Machi 15: ng'ombe wakubwa wanaingia kwa dume.
- Juni 15: dume anatoka. Hiyo ni miezi 3. Joto hurudi kila baada ya siku 21 hivi, kwa hiyo kila jike amepata nafasi 4.
- Agosti 15 na kuendelea: kupima mimba zizi zima.
- Desemba hadi Machi 25: kuzaa.
- Julai na Agosti: kuwaachisha kunyonya ndama waliozaliwa msimu uliopita.

Utaniuliza, je, Septemba hadi Novemba ng'ombe si watakuwa na mimba kubwa wakati wa ukame? Ni kweli, na ndiyo gharama ya kalenda hii. Lakini ng'ombe mwenye mimba asiyenyonyesha anakula kidogo kuliko mwenye ndama matitini. Ni rahisi kumvusha mmoja mwenye mimba kuliko kuwavusha wawili, mama na ndama wake. Ila ili avuke, lazima aingie kiangazi na mwili, na mwili huo unatunzwa sasa hivi. Kwa hiyo tuone kazi za kipupwe moja moja.

Kazi ya 1: Kumtoa dume

Mtenge dume kwenye boma imara, ikiwezekana upande ambao upepo hauleti harufu ya majike. Mpe maksai au dume mwingine wakae pamoja, maana dume wa peke yake huvunja boma.

Najua kikwazo. Tunachunga pamoja, na dume wa jirani hana kalenda. Hapa kuna mambo matatu yanayosaidia. Kwanza, hasi madume yote yasiyo ya mbegu kabla hayajaanza kupanda. Koleo la kuhasi lipo kwa maafisa mifugo, kazi ya dakika chache na haina damu. Pili, kubalianeni wafugaji mnaotumia malisho na birika moja. Wafugaji watano wakikubaliana tarehe, tayari mna kalenda. Tatu, chunga majike yasiyo na mimba kivyake kwa kipindi hiki.

Na asikwambie mtu kwamba kuzuia dume ni mambo ya Wazungu. Wamaasai tangu zamani wanawafunga kondoo dume na beberu kipande cha ngozi tumboni ili wasipande wakati usiofaa, kwa sababu hawataki wana-kondoo wazaliwe kwenye njaa. Akili ni ile ile.

Wakati dume amepumzika, mkague. Tazama kwato, macho, na mapumbu yote mawili: yawe sawa, magumu kiasi, bila uvimbe. Dume aliyekomaa anatosha majike 25 hivi, kijana asipewe zaidi ya 10 hadi 15. Mbegu ya dume huchukua kama miezi 2 kutengenezwa mwilini, kwa hiyo chakula na matibabu yake kwa ajili ya Machi vinaanza katikati ya Januari. Na dume aliyekaa kwako zaidi ya miaka 2 au 3 ataanza kupanda binti zake. Kipupwe ni wakati mzuri wa kumuuza au kubadilishana na mfugaji wa mbali.

Kazi ya 2: Kuachisha ndama

Ndama aliyezaliwa mwisho wa Desemba, mwisho wa Julai ana miezi 7. Anakula nyasi vizuri, tumbo lake kubwa linafanya kazi. Kila siku anayoendelea kunyonya anamtoa mama mwili ambao mama atauhitaji Oktoba. Mwachishe. Mtenge na mama kwa ua wanaoweza kuonana ila hawezi kunyonya, kwa siku 7 hivi. Watapiga kelele siku 3, usiwahurumie. Ndama hao wape sehemu bora ya majani, pumba na mashudu kidogo, maji safi na dawa ya minyoo.

Kazi ya 3: Kupima mimba

Kazi hii wafugaji wengi wanairuka, na ndiyo inayorudisha pesa haraka. Mtaalamu anapima kwa mkono kupitia njia ya haja kubwa. Mzoefu anaitambua mimba ya siku 45 hadi 60. Ukiwa umemtoa dume Juni 15, basi kuanzia Agosti 15 hakuna mimba inayojificha.

Ukishapima, gawa zizi makundi matatu. Wenye mimba, hao ndio wa kulindwa. Wasio na mimba lakini ni wazee, wamewahi kutupa mimba mara kwa mara, au wamekosa miaka 2 mfululizo, wauze Agosti hiyo hiyo wakiwa bado wana mwili. Ukisubiri Oktoba utauza mifupa kwa bei ya mifupa, na utakuwa umemlisha bure miezi 2. Wasio na mimba lakini ni vijana na wazima, hao tafuta sababu kwanza: magonjwa, madini, au dume dhaifu. Kama majike mengi yamekosa kwa pamoja, mtuhumiwa wa kwanza ni dume.

Kazi ya 4: Kusoma mwili wa ng'ombe

Tunatumia alama 1 hadi 5. Alama 1 ni mifupa mitupu, alama 5 ni mafuta yanayotikisika. Simama nyuma na ubavuni, kisha shika kwa mkono mbavu za mwisho, mifupa ya nyonga na mzizi wa mkia. Alama 3 ni pale mbavu huzioni ukiwa mbali lakini ukizigusa unazisikia.

Mwezi wa 7 jike mwenye mimba awe na 3 hadi 3.5. Aliye chini ya 2.5 mtenge umlishe sasa. Sababu ni ya kibiashara: kumrudishia mwili Julai, kukiwa bado na nyasi na mabaki ya mazao, ni rahisi. Oktoba utanunua kila kitu na hataongezeka, atabaki alipo tu.

Mitamba nao wapimwe. Mtamba apandwe akiwa na asilimia 60 hadi 65 ya uzito wa ng'ombe mkubwa wa damu yake. Kama mama zao wana kilo 300, mtamba afike kilo 180 hadi 195. Utepe wa kupimia kifua unatosha. Mtamba mdogo akishikishwa na dume wa jirani kipupwe hiki, mwakani tutakuitia daktari wa kumvuta ndama, na mara nyingine tunapoteza wote wawili.

Kazi ya 5: Kuweka chakula

Kilangali na Tindiga tuna bahati ambayo wafugaji wengi hawana. Mpunga unavunwa kipindi hiki hiki ambacho nyasi zinaanza kukauka. Majani ya mpunga yanachomwa moto mashambani huku ng'ombe wakikonda kilomita 5 kutoka hapo. Hilo ni jambo la kutia aibu sote.

Nenda ukanunue. Zungumza na mwenye shamba, patana bei, andikishana kwa mwenyekiti wa kitongoji, kisha yabebe majani uyalete nyumbani, usipeleke mifugo shambani kabla hujaruhusiwa. Kilosa tumezika watu kwa migogoro ya wakulima na wafugaji. Rudewa Mbuyuni, Desemba 2000, waliuawa watu 38. Kijana wa biashara hajengi mradi kwenye ugomvi, na mkulima unayemlipa kwa majani yake anakuwa mteja wako wa samadi.

Majani ya mpunga peke yake ni hafifu, kwa hiyo yaongezee nguvu kwa urea. Kwa kilo 100 za majani makavu, yeyusha kilo 4 za urea kwenye lita 80 hadi 100 za maji. Nyunyizia tabaka kwa tabaka, shindilia, funika kwa turubai lisiloingiza hewa, acha siku 21. Ukifungua, yaache yapigwe na hewa siku moja kabla ya kulisha. Anza kidogo kidogo kwa wiki moja. Tahadhari: usiwape ndama wa chini ya miezi 6 wala punda, na maji ya urea yasiachwe mahali mnyama anaweza kuyanywa. Urea ikizidi inaua ndani ya saa chache.

Na nyasi za hei je? Kata mwisho wa Mei hadi Juni zikiwa zinaanza kutoa maua, mvua ikiwa imekata. Hesabu yake: jike wa kilo 350 anakula kama kilo 9 hadi 10 za chakula kikavu kwa siku. Ukitaka nusu itoke stoo, ni kilo 5 kwa siku. Kwa siku 120 za Julai hadi Oktoba ni kilo 600. Robota moja likiwa na kilo 15, ni marobota 40 kwa ng'ombe mmoja. Zidisha kwa zizi lako. Kama huwezi kufikia hapo, hujashindwa. Ina maana una ng'ombe wengi kuliko chakula chako, na sasa ndiyo wakati wa kupunguza kwa hiari kabla ukame haujakupunguzia.

Usisahau jiwe la madini. Fosforasi hupungua sana kwenye nyasi kavu, na upungufu wake unachelewesha joto. Ukiona ng'ombe wanatafuna mifupa, tayari wameshakwambia.

Kazi ya 6: Afya ya uzazi

Sisi tuko jirani na Hifadhi ya Mikumi, na mbung'o hawasomi mipaka ya hifadhi. Nagana inapunguza damu, inakausha joto la majike, inatupisha mimba, na inaharibu mbegu ya dume. Ng'ombe anayekonda wakati wenzake wananawiri apimwe damu, asikisiwe dawa.

Brusela ni ugonjwa mwingine wa kutupa mimba, na mara nyingi huanguka mimba ya miezi 5 na kuendelea. Ndama jike huchanjwa wakiwa na umri wa miezi 3 hadi 8, mara moja tu. Huo ndio umri wa ndama wako wa Desemba hadi Machi ifikapo Julai na Agosti, kwa hiyo panga na afisa mifugo wako mapema. Ugonjwa huu unampata na binadamu. Mimba iliyotupwa na kondo la nyuma visishikwe kwa mikono mitupu. Vaa glavu, fukia kwa kina, na maziwa yachemshwe, hata kama babu alikunywa mabichi na akaishi miaka 90.

Kwa wa maziwa, kalenda ni nyingine

Kama una machotara wa Friesian au Ayrshire, unawalisha bandani, na unauza maziwa Kilosa mjini au Mikumi, usinakili kalenda ya hapo juu. Wewe unahesabu kutoka kwenye bei ya maziwa, na bei hupanda kiangazi wakati wengine hawana.

Tena kwako kipupwe ni rafiki. Ng'ombe wenye damu ya Ulaya wanateswa na joto la hali ya hewa. Jua la Oktoba hadi Februari huku bondeni linafupisha dalili za kuhitaji dume na kuua mimba changa. Juni hadi Agosti wanashika vizuri zaidi. Ukihimilisha Julai 1, anazaa karibu na Aprili 10. Wakati huo malisho ya kukata yamejaa, maziwa yanafika kileleni Juni, na unaendelea kukamua Septemba na Oktoba watu wakitafuta maziwa. Lakini kuna masharti mawili. La kwanza ni banda lenye sakafu kavu na paa, ili ndama wa masika asife kwa homa ya mapafu, na apate dang'a ndani ya saa 6 za kwanza. La pili ni hei au saileji ya kutosha. Bila hayo mawili, rudi kwenye kalenda ya wanaochunga.

Uhimilishaji unafaulu au kufeli kwenye macho ya mfugaji. Joto linadumu saa 12 hadi 18, na kwa damu ya zebu linaweza kuwa fupi zaidi na likapita usiku. Kagua saa 12 asubuhi, mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku kwa tochi. Dalili ya uhakika ni moja: anasimama tuli wenzake wanapompanda. Nyingine zinasaidia: ute mwangavu unaoning'inia, uke kuvimba, kulia, maziwa kupungua ghafla. Akionekana asubuhi, ahimilishwe jioni. Akionekana jioni, ahimilishwe kesho yake asubuhi. Mpigie mhimilishaji pale pale unapoona, usisubiri umalize kukamua. Na muulize mbegu ni za dume gani, kisha andika. Kituo cha taifa cha uhimilishaji cha NAIC, Usa River, Arusha, kinazalisha mbegu za madume yenye kumbukumbu, kwa hiyo jina na namba vipo.

Wengine wananiuliza kuhusu sindano ya kuwaleta majike kwenye joto kwa pamoja. Ipo na inafanya kazi, ila ina mambo mawili. Ikichomwa kwa jike mwenye mimba, mimba inatoka, kwa hiyo kupima mimba kunatangulia. Na dawa hiyo isiguswe na mama mjamzito wala mtu mwenye pumu. Mwachie mtaalamu.

Zizi lililokwisha kuvurugika unaanzaje?

Wengi wenu mna ndama wa kila mwezi. Usijaribu kunyoosha yote mwaka mmoja, utabaki na majike matupu na mfuko mtupu. Fanya kwa hatua. Mwaka huu mtoe dume mwisho wa Julai. Mwakani mtoe mwisho wa Juni. Mwaka wa 3 mtoe Juni 15. Jike aliyekosa mwache apumzike mpaka Machi. Utaona kama amepoteza miezi, lakini atakapozaa Desemba atarudi kwenye mstari na kubaki humo. Mitamba wapya waanze moja kwa moja na kalenda sahihi, maana hao ndio zizi lako la kesho.

Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari. Nunua kauntabuku moja, piga mistari: namba ya hereni, tarehe ya kuzaa, tarehe aliyopandwa, dume gani, tarehe ya kurudi kutazama joto (ongeza siku 21), majibu ya kipimo cha mimba, tarehe ya kutarajia kuzaa (ongeza siku 283). Simu inaweza kukukumbusha tarehe, lakini daftari halizimi chaji.

Mfugaji mwenye daftari akija ofisini kwangu na tatizo, nusu ya jibu amekuja nalo. Asiye nalo ananiambia, "Huyu alizaa wakati ule wa mahindi mabichi." Mahindi mabichi ya mwaka gani, bwana?

Fanya haya wiki hii

1. Hesabu majike yote na uandike nani ana ndama wa umri gani.
2. Kagua boma la dume, kama halimzuii litengeneze kabla ya tarehe 15.
3. Ongea na majirani wawili unaochunga nao kuhusu tarehe.
4. Patana na mwenye shamba la mpunga mmoja kuhusu majani yake.
5. Weka miadi ya kupima mimba Agosti kwa afisa mifugo wa kata yako, usingoje siku ile ile.

Mwenye swali aniulize, na akija aje na daftari. Somo lijalo tutaangalia namna ya kujenga boksi la mbao la kufungia marobota ya hei, la gharama nafuu, kwa vipimo. Kazi njema.